Mguu wa Katani

Baada ya kukatwa mguu, baba alianza kukataa chai. Kwanza tulidhani ni hasira, kisha tukadhani ni masharti ya sukari, maana ugonjwa wa sukari ndio uliomfikisha kwenye kisu cha daktari. Siku moja wifi yangu, mke wa kaka, akanivuta nyuma ya jiko na kuniambia ukweli, macho yake ameyaelekeza kwenye migomba ili asinitazame.

"Hataki kunywa ndio asiende choo," alisema. "Mchana tuko mimi na yeye tu."

Kwetu ni Chawia, milimani, ambako shamba huteremka kama ngazi na choo hujengwa chini kabisa, mbali na nyumba. Kaka anafanya kazi Mombasa, huja mwisho wa mwezi. Mimi niko Voi. Aliyebaki wa kumsaidia mzee kushuka zile ngazi za udongo ni mke wa mwanawe, na asiyezaliwa kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Baba mkwe na mke wa mwana hawashikani ovyo. Kwa miaka yote aliyokaa pale, wifi alikuwa akiweka sahani mezani na kutoka, na baba alikuwa akikohoa kabla ya kupita karibu na jiko ili ampe nafasi ya kujisitiri. Sasa alikuwa akimkumbatia kwapani, anamshusha, anamkalisha, anamsubiri nje ya mlango wa mabati akisikia kila kitu. Kisha anamrudisha. Hakuna aliyesema neno kuhusu jambo hilo, si baba, si wifi. Baba aliacha tu chai, halafu akaacha uji, na mashavu yakaanza kuingia ndani. Sukari ilikuwa inamuua polepole, lakini aibu ilikuwa na haraka zaidi.

Foleni ya miguu ya bandia tulikuwa tumeiingia, na ilikuwa ndefu. Mimi sina subira. Mama, alipokuwa hai, alikuwa akisema nilizaliwa kabla ya mkunga kuvua viatu. Nikasema basi, mguu nitautengeneza mwenyewe.

Haikuwa majivuno matupu. Ninafundisha katika chuo cha ufundi pale Voi, na kwa miaka kadhaa shughuli yangu kubwa imekuwa katani. Huko tambarare mkonge hausakwi, uko kila mahali unapotupa jicho, na nyuzi zake watu wanazijua kwa kamba, magunia na vikapu tu. Mimi ninazichukua, ninazipanga kwa tabaka, ninazinywesha rezini, yaani ile gundi ya plastiki ya majimaji, na ikishakauka nyuzi na plastiki vinakuwa kitu kimoja kigumu. Wenzangu wa idara nyingine huniita Mama Kamba. Wacha waite.

Kitu hicho ukishakitengeneza kazi yako ni kukitesa. Nakivuta kwa mashine mpaka kikatike. Nakikunja. Nakipiga nyundo. Nakikandamiza kwenye sahani ya msasa inayozunguka, kisha nakipima kuona kimelika kiasi gani. Hivyo ndivyo nilivyojifunza tabia ya katani, kama mtu anavyojifunza tabia ya jirani mgomvi. Ukiivuta kwa urefu wa nyuzi ina nguvu za kushangaza. Ukiivuta kwa upana inakuaibisha. Kwenye msasa inalika taratibu kuliko plastiki peke yake, kwa sababu nyuzi zinaishika plastiki isimeguke. Lakini ina adui mmoja, na adui huyo ni maji. Uzi wa katani ni mmea, na hata ukishakufa unakunywa. Ukinywa unavimba, ukikauka unasinyaa, na kila ukisinyaa unaacha upenyo mdogo kati yake na plastiki. Upenyo ukishapatikana, tabaka zinaanza kuachana. Ndiyo maana naziosha nyuzi kwa magadi makali kuondoa utando wake, nazianika kwenye jua la Voi ambalo halina mchezo, kisha naziingiza kwenye joko kumaliza unyevu wa mwisho. Wanafunzi wangu wanajua kwamba ukigusa katani yangu kavu kwa mkono wa jasho, nitakufukuza karakana.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa viungo vya bandia, alikubali kuchukua umbo la kisiki cha baba kwa plasta na kunielekeza mahali ambapo uzito wa mtu hukaa. Tukamteremsha baba Voi. Nilipomwambia kwamba mguu wake utakuwa wa katani, alinitazama kwa muda.

Naelewa kwa nini. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge ya tambarare, akikata majani, akifunga mizigo, akirudi milimani na mikono iliyochubuka. Alipostaafu alisema hataki tena kuuona, na bado mkonge haukumwacha, maana mipaka ya mashamba kwetu imepandwa huo huo. Mwiba wa ncha ya jani ulimchoma kwenye kifundo akirekebisha ua. Kidonda kile kilikataa kupona, na mengine yakafuata.

"Katani," alisema.

"Ndiyo, baba. Ni imara, na ni nyepesi."

"Sawa," akasema.

Sawa ya mzee wa kabila letu la Wadawida ina vyumba vingi ndani, na mimi sikupiga hodi.

Siku ya kuumba mguu nilimkalisha kwenye benchi la karakana, magongo yake yameegemezwa ukutani. Umbo la plasta lilikuwa limesimama mezani. Tabaka la kwanza la nyuzi nilikwisha kulilaza na kulinywesha, na la pili pia. La tatu nilikuwa nimelitandaza kando, jeupe na kavu kabisa, likingoja rezini mpya. Nikatia hadina, ile dawa ya kuigandisha, kwenye rezini na kuanza kukoroga. Ukishatia hadina huna tena muda. Gundi inaanza kupata moto yenyewe, na usipoitumia itakugandia mkononi. Baba alikuwa ameomba kikombe cha maji nami nikampa, nikafurahi kwamba angalau hapa Voi anakunywa. Nilipogeuka alikuwa ameegemea meza, amejaza maji kinywani, na anayanyunyiza juu ya katani yangu.

Kwetu tendo hilo linaitwa kutasa. Wazee huchukua maji, au pombe ya miwa kwa wasiokwenda sana kanisani, wakayanyunyiza kwa mdomo huku wakisema maneno ya heri. Si baraka ya hivi hivi tu. Mzee akitasa, anatoa kinyongo chochote alicho nacho moyoni kuhusu mtu au jambo lile, anakitema hadharani, ili kilicho mbele yake kiende salama. Hasira ya mzee aliyoificha, hata kama yeye mwenyewe hajui kwamba anayo, inaweza kuangusha nyumba. Baba ni mtu wa kanisa na aliwahi kuwa mzee wa kanisa, lakini kutasa hakuacha. Alitutasia tulipokwenda shule, tulipopata kazi, tulipoanza kujenga. Alikuwa akisema Mungu hawezi kukasirika kwa sababu mtu ameacha kukasirika.

Basi alisema kwa Kidawida maneno yake, polepole, akanyunyiza mara nyingine, akasema tena. Na mimi nimesimama na kopo la rezini linaloanza kuchemka.

Wasomi wenzangu niliowasimulia waliniuliza kwa nini sikumzuia. Nawajibu hivi: nani angemkatiza? Mzee akitasa hakatizwi. Ukimkatiza, maneno yanabaki kinywani mwake na kinyongo kinabaki moyoni, na hapo ndipo baraka inapogeuka kuwa kitu kingine. Hata mimi niliyesoma, mkono wangu haukuinuka. Na nyuzi nyingine za kutosha, kavu, zilizooshwa, sikuwa nazo siku hiyo. Alipomaliza nilifuta kwa kitambaa safi, nikapuliza kwa mashine ya hewa moto kwa muda ambao gundi iliniruhusu, nikalaza tabaka la tatu. Baba alinitazama akatabasamu. Tangu akatwe mguu sikuwa nimemwona akitabasamu.

Mguu ulitoka mzuri. Ulikuwa na rangi ya asali, na ukiuangalia juani unaona nyuzi ndani zikikimbia kutoka goti hadi kisigino. Fundi rafiki yangu aliugongagonga, akaukunja, akasema utafaa kujaribia. Baba akajifunza kuuvaa, akarudi Chawia, na wiki hiyo hiyo wifi akanipigia simu.

"Amekunywa vikombe viwili," alisema. "Na ameenda mwenyewe. Akafunga na mlango."

Alikuwa akicheka na kulia, huku nikisikia nyuma yake sauti ya baba akiuliza kama kuna chai imebaki. Nilikaa kwenye ngazi za karakana nikalia pia, mtu mzima mimi, wanafunzi wakipita wakijifanya hawaoni.

Furaha ile haikuchukua muda. Msimu wa ukungu uliingia. Chawia ikivaa ukungu, nguo hazikauki, chumvi inalia maji kwenye kopo, na kuni zinatoa moshi badala ya moto. Baba aliniambia kwenye simu kwamba mguu umeanza kusema. "Unasema nini?" nikamuuliza. "Unalia ka-ka ninapokanyaga." Nikamwambia asiuvae mpaka nije Jumamosi. Kumwambia mtu aliyekwisha kuonja kufunga mlango wake mwenyewe arudi kubebwa, ni sawa na kumwambia mwenye njaa asubiri ugali upoe.

Ulimvunjikia kwenye ngazi za choo. Wifi alikuwa amekwenda kuteka maji, na aliporudi alimkuta amelala kwenye matope, hajaumia sana mwilini, lakini alikuwa amekaa pale muda mrefu na hakuweza kujizuia. Wifi akamvua, akamwosha, akamvisha. Alinisimulia hayo kwa sauti ya chini mno, kama anayeungama kitu alichoiba. Akasema baba alifunga macho tangu mwanzo hadi mwisho, na hata alipokwisha kulazwa kitandani hakuyafungua.

Niliuchukua mguu nikarudi nao Voi. Nikaukata kwa msumeno palipovunjika nikauweka chini ya taa. Nilikuwa naomba nione kitu kingine chochote: hewa iliyonaswa, nyuzi zilizokaa upande, ukungu wa Chawia ulioingia kwa ukingo, kosa la mikono yangu. Tabaka la kwanza na la pili yalikuwa angavu, safi. La tatu lilikuwa na weupe wa maziwa. Lilikuwa limeachana na jirani zake, ukilichokoa kwa ukucha linabanduka kama ganda la kitunguu, na nyuzi zake zilitoka tupu, hazijashikwa na plastiki hata kidogo. Ukungu ulimalizia tu kazi. Kazi yenyewe ilianza siku ile, kwenye meza yangu, kwa kinywa cha baba.

Nilikaa na kile kipande mkononi nikajua kwamba hakuna mahali pa kukiweka. Nimesomea jinsi vitu vinavyovunjika. Nimefundisha jinsi vinavyovunjika. Sikuwahi kufikiri kwamba kujua sababu kungeweza kuwa mzigo mbaya kuliko kutoijua.

Nilipopanda Chawia baba alikuwa ameketi kitandani, blanketi limefunika kisiki. Kikombe cha uji kilikuwa kando, kimejaa, kimeganda juu. Hakunisalimu kwanza. Alianza na jambo lililokuwa likimkaba.

"Mama," alisema, maana mimi nina jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, "ule mguu nimeuvunja mimi."

Nikadhani amejua.

"Siku ile natasa," akaendelea, "mdomo ulisema heri, lakini ndani sikuwa sawa. Nilikuwa na hasira na wewe. Niliona, huyu mtoto, mkonge umenikula miaka yote, umenikula na mguu, na sasa ananivalisha huo huo mkonge nitembee nao. Nilisema nimeitoa hiyo hasira. Kumbe sikuitoa. Ilibaki. Sasa umeona."

"Baba, si hivyo."

"Ndivyo. Nimekaa hapa nimeipima. Mtu akitasa na kinyongo, kitu hakisimami. Hasira hiyo ingekuangusha wewe barabarani huko, ningefanya nini? Mungu amekuhurumia akaivunja kwangu."

Mzee aliyetutasia maisha yetu yote alikuwa amelala siku kadhaa akiamini kwamba moyoni mwake mna kitu cha kuua watoto. Ningeweza kumwambia ni ukungu. Ungekuwa uongo wa nusu, na uongo wa nusu hulala vizuri usiku. Lakini nilimwona akijichimba, na nikafikiri, mimi ninayejua kila kitu kuhusu nyufa, kwamba ukweli ungemtoa shimoni. Nilitaka kumwonyesha kwamba moyo wake haukuwa na hatia. Nikatoa kile kipande mfukoni.

"Tazama hapa," nikasema. "Hapa peupe. Hii si hasira, baba. Hasira haina rangi. Ni maji. Katani ikishika maji kabla ya gundi, haishikani tena. Ni maji tu, hata angemwaga nani."

Alikishika kile kipande. Alikigeuza, akakwaruza weupe kwa kidole gumba kilichojaa makovu ya mkonge.

"Maji," alisema.

"Maji tu."

"Yalitoka wapi?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ni hivyo hivyo.

"Kwa hivyo si moyo," akasema kwa upole kabisa, kama anayenifariji mimi. "Ni mdomo."

"Baba, mdomo wako hauna kosa lolote."

"Sawa," akasema.

Nilitengeneza mguu wa pili. Niliutengeneza mwenyewe karakana, mlango umefungwa, nyuzi zimekauka hadi zinalia zikiguswa, na juu ya tabaka la mwisho nikapaka rezini tupu mara tatu ili ukungu usipate pa kuingilia. Kisigino nilikiongezea unene kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi kokoto za Chawia zilivyokila kile cha kwanza. Kila ninapokwenda nyumbani naukagua. Unalika kidogo kidogo, kama viatu vyote vinavyolika, na kabla haujaisha nitakuwa nimetengeneza mwingine. Kwa kipimo chochote ninachokijua mimi, kazi ni nzuri. Baba anashuka ngazi mwenyewe, anafunga mlango, anarudi. Anakunywa chai. Wifi anaweka sahani mezani na kutoka, kama zamani. Watu wa kanisani wamekuja kuutazama na wameniita mwana wa Chawia.

Na baba hatasi tena.

Mwanzoni hatukuona. Kisha binti wa kaka akaitwa shule ya bweni, akaja na sanduku lake akapiga magoti mlangoni, baba akamwambia aende kanisani aombewe, mchungaji ana maneno mazuri. Wifi alipopata mimba ambayo madaktari waliihofia, kaka mwenyewe alipanda kutoka Mombasa kumwomba mzee aseme neno. Akakataa. Kaka alidhani baba ana kinyongo na mke wake kwa sababu ya zile siku za kubebwa, na wifi akadhani hivyo pia, na ndani ya nyumba ile sasa kila mtu anamtazama mwenziwe akijiuliza ni hasira gani imefichwa. Ile mimba ilitoka. Sihitaji mtu aniambie kwamba haihusiani. Mimi ndiye mwalimu wa mambo yanayohusiana na yasiyohusiana. Nimewaeleza wote habari za tabaka la tatu, kwa subira, kwa kuchora. Wananisikiliza kwa heshima. Nimekata tamaa ya kueleza.

Nimejaribu na kwa baba. Nilimwambia mguu huu mpya haupenyi maji hata ukiutumbukiza mtoni, kwa hivyo autasie, nitashukuru. Akatikisa kichwa, akasema, "Umesimama bila mimi. Acha usimame."

Mara ya mwisho nilipokuwa nikiondoka kurudi Voi sikustahimili. Nilijaza kikombe maji nikampa mkononi, nikaweka mkoba chini, nikapiga magoti mbele yake juu ya sakafu ya simenti, nikainamisha kichwa.

"Nitasie mimi, baba," nikasema. "Mimi si katani. Siharibiki kwa maji."

Nilisikia mguu wake ukigusa sakafu alipojiweka sawa kwenye kiti. Kisha nikasikia akiinua kikombe na kuyachukua maji kinywani. Nikafumba macho, nikajiandaa kwa ubaridi wake usoni. Alikaa nayo kinywani kwa muda mrefu sana, pua yake ikivuta pumzi juu ya utosi wangu.

Kisha akayameza.

"Nenda," akasema. "Usije ukachelewa."